Moyo Uliotobolewa

Jumatatu, 6 Machi 1911
Nimechemsha visu vya hospitali, nimefua bendeji, nimefunga vidonda vya vibarua wa reli. Vumbi tupu, mvua imegoma. Mchana shemeji Chilewa kaja kutoka Chimwaga na watu wake, wamembeba mdogo wangu Sechelela kwa machela. Mdomo umekwenda upande. Mkono na mguu wa kulia havina kazi. Hasemi. Juzi juzi tu kajifungua. Nyuma yao Nyamizi, mke mwenzake, Mnyamwezi aliyeachwa na msafara. Anamnyonyesha mtoto wa Sechelela pamoja na wake. Kiharusi nimekiona kwa wazee, si kwa binti huyu. Naogopa.

Jumanne, 7 Machi
Bwana Mganga, daktari wetu Mjerumani, kang'ang'ania mguu wa kushoto. Umevimba tangu uzazi. Hakuna aliyeniambia. Maswali ya mguu mpaka nikakereka, maana ugonjwa uko kichwani. Nimemlisha Sechelela uji, wote umemwagika. Alinitazama kama anayeniomba radhi.

Alhamisi, 9 Machi
Amekufa.
Bwana kataka kumpasua. Shemeji kakubali, kwa kuwa mbele ya Bwana watu hukubali. Beseni nimelishika mimi. Mtu asimshikie beseni ndugu yake. Bwana kapitisha kijiti kwenye ukuta wa katikati ya moyo, kikatokea upande wa pili. Alifurahi. Nilitaka kumpiga. Kisha akawatokea wazee nje na Kiswahili chake cha darasani: "Moyo wake umetobolewa."
Wazee wakashtuka. Mimi hata sikushtuka. Bwana huvuruga maneno kila siku, juzi alisema uji umemla. Nikarudi ndani kumshona mdogo wangu.

Ijumaa, 10 Machi
Tumezika. Wanawake walikaa mbali na Nyamizi, hakuna aliyempa hata maji. Hapo ndipo neno la Bwana liliponiingia akilini. Kilichotobolewa kina aliyekitoboa. Bwana alikusudia kusema moyo una tundu, basi.
Nimewaeleza wazee kwa Kigogo chetu. Tundu la kuzaliwa, halina mwenyewe. Baba yake Chilewa kanijibu bila ukali kwamba Mzungu kaona kwa macho yake, na mimi kazi yangu ni kufua bendeji.

Jumamosi, 11 Machi
Nimemwomba Bwana aende Chimwaga akalirekebishe neno lake. Kanikalisha, kanichorea moyo. Damu iliganda mguuni. Donge likapanda, likapita kwenye tundu, likaingia upande usio wake, likaenda kuziba kichwani. Pasipo tundu lingeishia mapafuni. Sasa naelewa yale maswali ya mguu. Maelezo mazuri sana. Kuhusu Nyamizi, atatuma askari Jumatatu. Leo ana barua za kuandika kwao.
Namchukia.

Jumapili, 12 Machi
Nimekwenda mwenyewe. Nimechelewa.
Walimpa maji ya mwavi asubuhi, sumu ya kumpima mchawi. Asiye mchawi huyatapika, ndivyo wanavyoamini. Wanasema hakubishana. Aliwakabidhi watoto kwa jirani, akasema, "Leteni, mimi sina neno," akanywa yote. Alijua hakumfanyia mwenzake kitu, kwa hiyo alijua atatapika. Hakutapika.
Nilikuta watu wanakula. Nimekaa chini nikalia mbele yao wote. Wakadhani namlilia Sechelela.

Jumatatu, 13 Machi
Askari wamekwenda, wamerudi. Hakuna aliyeona kitu. Bwana kasema ni jambo la kusikitisha.

Jumatano, 15 Machi
Shemeji kaja peke yake na mtoto wa Sechelela. Anataka maziwa ya kopo. Wa Nyamizi kaachwa kwa jirani, ziwa la huyo halitoshi wawili. Nimempa ya kopo, nikamwonyesha kuchemsha maji. Hatukumtaja mtu.
Kabla ya kuondoka kauliza kama mtoto naye ana tundu. Nikamwambia ukweli, kama Bwana alivyonifundisha: wote huzaliwa nalo, kisha huziba.
"Nani huliziba?"
Nikasema huziba lenyewe. Alinitazama sana. Kisha akachana kipande cha kaniki, akamfunga mtoto kifuani, fundo juu ya moyo. Nikamshikia mtoto ili afunge vizuri.