Vipimo Vinane vya Klarineti

3 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje, na zile ngazi za ghorofani zinakuachia pumzi? Mimi mzima, ila chumba hiki kina baridi, natunga muziki nikiwa nimevaa soksi mbili mbili.

Kifurushi hiki ndicho nilichokuahidi: kazi yangu ya kwanza kwa okestra kubwa, dakika kumi na nane. Ofisi yao ilitaka kompyuta itoe karatasi za wapigaji. Nikawaambia karatasi zangu huandikwa na mama yangu. Wakatazamana. Kiongozi wa okestra akauliza, "Mama ni mwanamuziki?" Nikamjibu, "Ni mwandishi wa nakala. Miaka thelathini na moja, redio nzima ilipiga kilichotoka mkononi mwake."

Sikumweleza ile meza. Wewe dirishani na rula ya chuma, mimi sakafuni nikitazama mguu wako ukihesabu. Vyombo vyote vilikuwa vimepangwa kwenye nota kuu, kimoja juu ya kingine, kama nguo kwenye rafu. Wewe ulichomoa mstari wa chombo kimoja, ukauandika peke yake kwa ajili ya mpigaji mmoja. Niliuliza kwa nini kurasa zako haziishii mahali pamoja. Ukasema, "Huwezi kumgeuzisha mtu ukurasa mikono yake ikiwa kazini. Mwache kwanza anyamaze." Nimesoma chuo miaka mitano, na hilo hakuna aliyenifundisha.

Mazoezi yanaanza tarehe ishirini Mei. Sehemu ya pili iandike polepole. Sisemi kwa nini.

Mwanao,
Chiriku


11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yananung'unika, lakini bado yananitii. Nakala zote zimo humu. Nimechelewa kidogo kwa sababu siku hizi naandika mchana tu, jua likiwa dirishani; taa ya hapa ni ya kubembelezwa.

Mpiga tarumbeta amekukosea nini? Hana hata pa kumeza mate. Jirani alinikuta nimeinamia meza, pua karibu iguse karatasi, akauliza kama nasali. Nikamwambia mwanangu kajaza nota thelathini na mbili katika kipimo kimoja, kijisanduku cha mapigo manne tu, lazima mtu asali.

Kula vizuri. Usijifungie ndani. Tulikuita Chiriku kwa kejeli, maana ulikuwa unamaliza siku nzima bila neno. Huko ugenini hawatajua kwamba ni utani.

Mama yako


22 Mei

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama. Leo nitasema moja kwa moja.

Jana tulifika sehemu ya pili. Fidla zilishika sauti moja ya chini, kama nilivyoandika, zikimsubiri mpiga klarineti aingie na wimbo. Hakuingia. Vipimo vinane vizima, ile sauti ya chini peke yake. Nikaenda kumwuliza. Akanionyesha karatasi yake: mwandiko wako, safi kama siku zote, na alama ya kunyamaza vipimo vinane. Kabla sijafungua mdomo, kiongozi akashusha mikono. "Hapo pasiguswe," akasema. "Nani mwingine angefungua mlango mpana hivyo, halafu asimpitishe mtu?" Wapiga fidla wakagonga pinde zao kwenye vishikio vya nota, kunipongeza. Nikarudi kukaa.

Mama, wimbo ule ni wako. Ni ule uliouimba umefumba mdomo ukipiga mistari. Kazi nzima nimeijenga ili wimbo huo ufike pale. Huwezi kuwa uliupita bila kuutambua. Uliutoa? Ulikasirika kwamba nimeuchukua bila kukuuliza?

Onyesho ni tarehe thelathini. Niambie niurudishe au niuache.

Mwanao


14 Juni

Mama,

Shikamoo. Unaendeleaje? Siku ishirini na tatu, hakuna jibu. Nikipiga simu unaniuliza nimekula nini, halafu unasema maji yanachemka jikoni.

Onyesho limepita. Nilikiacha kile kimya. Gazeti limeandika kwamba ujasiri wangu wote umo katika vipimo vile vinane. Nimepewa kazi mbili mpya, na kuna mchapishaji anayetaka kuichapa hii. Watu wananipa mkono, nami nasema asante. Wanachokisifu sikukitunga, na nilichokitunga hawajakisikia.

Barua yangu ilikuwa kali. Nisamehe. Lakini nijibu.

Mwanao


2 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Vumilia herufi hizi kubwa kama za bango la duka. Ndizo ninazoziona.

Sikukasirika. Sikuutoa. Sikuuona. Jicho la kulia lina doa katikati tangu mwaka jana, na la kushoto limeanza kumfuata mwenzake. Kile ninachokitazama ndicho kinachopotea, pembeni pote panabaki. Nilikuwa nafuata mstari wa klarineti, nikateleza hadi wa juu yake, wa oboe, na mpiga oboe wewe ulikuwa umemnyamazisha hapo. Nikaandika kimya cha mtu mwingine. Ni kosa la mwanagenzi wa wiki ya kwanza. Redioni ningemfukuza.

Nilificha kwa sababu ungejua, kazi ungeipa kompyuta, nami ningebaki nani katika muziki wako? Hayo maneno machache yamenichukua wiki sita.

Sasa wanakisifu kimya. Kumbe mama yako ni mtunzi na chuo hajakiona. Kama kinakufaa, kichape, wala usinitaje.

Ila sikujua kwamba wimbo ule ulikuwa unausikia. Nilidhani nauimba moyoni.

Mama yako


19 Julai

Mama mpenzi,

Shikamoo. Pole kwa macho, na pole kwa kuubeba mzigo huo peke yako huku mimi nikikutumia hasira kwa posta.

Nimemweleza kiongozi kila kitu. Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Kimya hicho ndicho kilichokufikisha hapa," akasema. "Ukikitoa, watasema umeogopa." Nikamwambia wacha waseme. Kimya kilikuwa kizuri, nakubali. Lakini mimi nilikuwa na jambo la kukwambia mbele ya watu mia nane, na bado sijalisema. Wimbo unarudi. Mchapishaji atangoja hadi tarehe kumi Agosti.

Umeuliza ungebaki nani. Soma kwanza. Ndani ya bahasha kuna karatasi nane, kipimo kimoja kwa kila karatasi, kila nota kubwa kama kitufe cha koti. Hakuna mstari mwingine juu wala chini.

Mwanao


2 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Nimezisoma zote nane mara tatu, kwa sauti. Jirani amegonga ukuta, nikaendelea.

Kipimo cha sita umekosea. Wewe umepanda. Mimi hapo hushuka, kisha nangoja kidogo ndipo niendelee. Nimekirekebisha kwa wino mwekundu, kimo humu.

Usichape kabla hujakisahihisha.

Mama yako