Mwanangu Kamtuma Mama Mkwe Maji

Anti Coleta mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijaaibika zaidi, mimi ni baba wa watoto wawili hapa Kizwite, Bertilla ana miaka tisa na Vicent sita, na nimewalea kwa maadili, Vicent aliposhika ufagio nilimnyang'anya nikamwambia mwanaume akifagia anaota matiti, akilia namwuliza kwani wewe ni Bertilla, naye Bertilla nilimkataza kupanda mpera ajifunze kutulia, sasa Jumapili mama mkwe alikuja kutoka Laela kututembelea, ndio kwanza amekaa, Vicent akamnyooshea kikombe, "Bibi, inuka unipe maji," mama mkwe akamwambia, "Ndoo si hiyo hapo ubavuni kwako?" mtoto akajibu, "Mimi ni mwanaume," na hapo Anti nakiri nilicheka, nilidhani ni utoto tu, lakini mama mkwe hakucheka, akamgeukia Bertilla ambaye alishasimama kuchota hayo maji, akamwuliza, "Na wewe mjukuu wangu, nani kakutuma?" Bertilla akasema, "Hakuna, Bibi, sisi ndivyo tulivyo," basi mke wangu Edith akaanza kulia, jioni hiyo hiyo wakaondoka wote watatu, yeye, mama yake na Bertilla, wakaelekea Laela, Edith kaniambia, "Nitarudi wanaume wa nyumba hii mkijua kujihudumia," leo siku ya tano tunakula maandazi, ugali niliosonga jana tumeunywa, naomba unieleze ni nani kamharibu mwanangu, mimi nashuku televisheni ya jirani.

Oswaldi, Kizwite

JIBU

Marahaba, Oswaldi. Pole kwa njaa. Kwa mengine sina pole.

Televisheni ya jirani haina kosa. Mtoto hazaliwi akijua nani amletee nani maji. Anatazama nani huinuka na nani hubaki kwenye kiti, akifika miaka sita ameshamaliza kujifunza. Wewe umemfundisha bila likizo, na amekupita, maana wewe hujawahi kuthubutu kumtuma mama mkwe. Ulipocheka ndipo ulipompa cheti.

Na kwa kuwa siku tano sasa uko jikoni, jikague kifuani. Ukiona kimeota kitu, niandikie tena.

Vicent ni mjeuri tu, atanyooka. Aliyeniuma ni Bertilla. Mtoto wa miaka tisa anainuka bila kutumwa, tena anaeleza kwa upole kwamba ndivyo alivyoumbwa. Hilo hukuliona, ulikuwa unacheka.

Sasa sikiliza. Leo osha vyombo, Vicent asuuze. Usimwambie anamsaidia mama. Mwambie amekula, basi anaosha. Mfundishe kusonga ugali, ukishajua wewe. Jumamosi mchukue mwende Laela. Uanze wewe kumwomba mama mkwe radhi, mtoto akikuona, kisha naye aombe. Edith usimwulize anarudi lini, hilo atasema mwenyewe.

Halafu mwite Bertilla, umwambie mbele ya wote kwamba baba alimfundisha vibaya. Atakutazama kama hajasikia. Rudia.