Kamba ya Baseme

Muheto, Jumapili, Oktoba 1968

Kwa kaka yangu mpenzi Edmond, huko Mpofi,

Yezu asifiwe. Nakusalimu wewe, mke wako Colette na watoto, na ninaomba barua hii iwakute mkila, si mkiugua. Je, homa ya Colette imetulia? Huku kwetu maharagwe yamechipuka vizuri, na mvua inanyesha hadi njia ya Lushebere haipitiki bila fimbo. Papa wetu anapumua. Goti linamsumbua, lakini hasira zake unazijua, hizo haziugui hata siku moja.

Barua hii anakuletea Symphorien, mchuuzi wa maharagwe. Nimemwomba asikueleze lolote kwa mdomo, maana yule akipewa habari ndogo kama kuku huifikisha ikiwa ng'ombe. Uliuliza hali ya mbwa wako Baseme, ukasema utakuja kumchukua Noeli, nyumba yako ikiisha. Kaka, Baseme hayupo tena. Nakuambia mapema ili usisome barua yote ukimngojea.

Alianza kuugua muda mfupi baada ya wewe kuondoka. Nilikuwa naanika maharagwe uani, nikasikia kengele yake ya mti, ile uliyomchongea ya kuwindia, inagongagonga bila yeye kukimbia. Nikamkuta amelala ubavu, miguu inapiga mbio hewani, meno yanauma upepo, povu na mkojo vinamtoka. Alipoinuka alijigonga ukutani, hakunijua. Halafu akala bugali wote wa watoto kama mtu aliyetoka safari ndefu.

Majirani walisema ni kifafa. Unajua desturi yetu: anayeanguka haguswi, kwa sababu ugonjwa unarukia watu kwa povu. Hata akiangukia motoni, watu wanapiga kelele wakiwa mlangoni. Mama mkwe alinivuta kwa kitenge akilia, “Sidonie, toka! Ile povu iko inaambukiza! Usimuguse!” Mimi nikamgusa.

Nilijifunza ugonjwa wake kama mtu anavyojifunza mtoto. Kabla ya kuanguka alikuja kunibania kichwa magotini, akitetemeka. Hapo niliacha jembe au sufuria, nikamtoa karibu na moto, nikamvua ile kengele isimpige taya, nikamtandikia majani makavu ya maharagwe. Mdomo wake sikuushika. Niliweka tu mkono ubavuni na kuwanyamazisha watoto mpaka apumue vizuri. Watu walileta mashauri yao: mpake pilipili puani, mfukizie manyoya ya mbuzi, mkate sikio. Nilikataa yote, nikaitwa kichwa kigumu.

Na jina lenyewe ulilomwachia! Ulimwita Baseme ili kuwajibu waliosema hutapata mke. Wewe ukapata mke, ukaenda zako, mimi nikabaki uani nikiita kwa sauti “Baseme! Baseme!” Mama mkwe akadhani yeye ndiye ninayemjibu hivyo: waseme wanavyotaka. Tulinuniana kwa ajili hiyo msimu mzima wa mtama. Leo ningependa hata ugomvi ule urudi.

Siku moja nilishuka mpaka Masisi, kwenye dispensaire wanapogawa dawa, nikamweleza infirmier, yule muuguzi Papa Viateur, kwamba mbwa wa kaka yangu anaanguka. Alicheka, lakini si kwa ubaya. Aliniambia, “Mama, dawa iko. Lakini iko ya bantu. Kama ingekuwa muntu, ungemuleta tu, ningemupa. Mbwa, hapana.” Nilisema asante, nikatoka. Nililia njia nzima. Walionipita walishangaa mwanamke mzima anayelilia mbwa.

Sasa nisogee kwenye jambo lenyewe, kaka, maana nimezunguka vya kutosha.

Wakati wa kupalilia, nilianguka mimi. Nilianguka jikoni, mbele ya wote. Nilizinduka nina majivu kwenye nywele, ulimi nimeuuma, na watu wamejaa nje ya mlango. Jean-Marie peke yake ndiye aliyeingia. Alinivuta kwa miguu, mbali na moto na mbali na povu langu. Sikuudhika. Mume wangu aliogopa, na bado akaingia.

Wakakaa kikao. Mama mkwe akasema jambo liko wazi, mbwa ndiye aliyeniambukiza, na mbwa akifia msituni ugonjwa utabaki naye hukohuko. Jean-Marie alilia kama mtoto, akakubali kumpeleka. Kwa ajili yangu angemtoa hata ng'ombe wake wa pekee.

Lakini Baseme alikataa kumfuata. Alijilaza chini, akavutwa, akajilaza tena. Basi wakaniita mimi. Kaka, kamba nilimfunga mimi. Nilimvua kengele, akanibania kichwa magotini. Sijui kama alitaka kuanguka au aliniaga tu. Nilimsindikiza mpaka mwisho wa shamba, pale akakubali kwenda. Jean-Marie alirudi na kamba peke yake. Akaniambia, “Imeisha, Sidonie. Sasa utapona.” Nikamshukuru.

Juma lililofuata nilianguka tena, kisimani. Sasa mama mkwe anamwangalia paka.

Nisikilize, kaka, maana neno hili sijamwambia hata padri. Mimi ndiye niliyeanza. Ulikuwa bado huku, hujahamia Mpofi, nilipozinduka bondeni kwenye viazi nina udongo mdomoni. Hakukuwa na mtu, Baseme tu ameketi kando yangu, mzima kabisa. Ikatokea tena, na tena, yeye akiwa mzima. Kwa hesabu yao wenyewe, mbwa hakunipa mimi kitu. Mimi ndiye niliyempa. Kama povu linaambukiza sijui, lakini nani alitangulia kuanguka, hilo nalijua.

Nililijua nilipokuwa nafunga kamba. Ningefungua mdomo, angekuwa hai. Lakini wangesema nimetoka na kifafa kwetu, wangenirudisha kwa Papa na mkeka wangu, na watoto wangebaki hapa. Nikanyamaza. Hata kwa Papa Viateur nilikuwa naombea wawili, nikataja mmoja.

Njoo, Edmond. Usingoje Noeli. Nataka mtu wa kwetu asimame nami mbele ya infirmier aseme ni huyu, kwa maana mimi mdomo unanikataa. Ukifika, nikaripie unavyotaka, nitanyamaza. Ila Jean-Marie usimlaumu. Yeye aliamini. Mimi nilijua.

Mpe Colette mkono wangu, na watoto uwakumbatie mmoja mmoja kwa jina langu. Papa anauliza tumbaku ya huko kwenu Walikale, nami namwambia mwanawe atamletea mwenyewe. Mungu awatangulie njiani.

Ni mimi mdogo wako asiye na raha,

Sidonie