Miti Yako ya Mafuta Haiko Tena

Mama,

Natafuta namna ya kukuambia polepole, sipati. Miti yako haiko tena. Yote, Mama. Mwanao Kambale aliikata akachoma makala, mkaa wa kuuza, na shamba lenyewe ameliuza. Nilitaka uisikie habari hii kwangu mimi, mkwe wako Masika, kabla hujaisikia kwa wengine wanaokufuata huko.

Tangu vita vitukimbize, tukakuzika hapa Goma, sikuwa nimerudi kwetu. Barabara ilipotulia kidogo nilipanda pikipiki mpaka Kiwanja, nikapandisha kilima kwa miguu. Nilikuwa na mundu wako na gunia. Nilijiambia nitakata majani, nitatafuta pipa lingine, nitapika mafuta kama tulivyokuwa tunapika, ili binti yangu Kavira arudi masomoni. Nilipofika pale ambapo harufu ya mikaratusi ilikuwa inatupokea, sikusikia kitu. Moshi tu.

Wewe ndiye uliyenionyesha kwamba mkaratusi ukikatwa huchipua. Basi nikapiga magoti, nikatafuta machipukizi. Visiki vingi walikuwa wameving'oa na mizizi yake, vilivyobaki viliungua. Udongo ulikuwa mweusi mpaka kwenye kijito.

Kambale alinikuta hapo chini. Nilitaka kumtukana, lakini amekonda, Mama. Ungemwona mwanao ungelia. Aliniambia, "Watoto walikuwa na njaa, Masika. Nani angengoja mafuta?" Kisha akaongeza, "Na wewe hapa ni nani? Paluku alishakufa."

Nilikuwa namfikiria huyo Paluku, mume wangu, mwanao wa kwanza, na siku tulipomaliza matanga yake. Wazee wa familia walisema nirudi kwa wazazi wangu. Wewe ulisimama mlangoni na jembe mkononi. "Huyu ni mutoto wangu. Kesho tunapanda miti." Na kesho yake tulipanda kweli, wewe ukitangulia na mimi nikikufuata na miche kwenye beseni. Ilipokua hukuiacha irefuke, ulikuwa unaikata usawa wa kifua. "Muti mrefu, majani yake ni ya ndege."

Unakumbuka tulipopika mara ya kwanza? Pipa linachemka, mvuke unapita kwenye bomba tulilolaza ndani ya kijito, na sisi tumeinama juu ya chupa kama watu wanaochungulia kisima. Maji yalitoka kwanza. Halafu juu yake yakaelea mafuta, kidogo sana, kama machozi. Ulinipaka kwenye vidole ukacheka. Wewe, ambaye hukuwa mtu wa kucheka.

Mama, kuna jambo lingine, na hili ndilo linalonimaliza. Ulipokuwa unakata roho katika chumba chetu cha mbao hapa Goma, mtaa wa Keshero, ulinishika mkono. "Usiniache ku mawe ya Goma. Unirudishe kwenye miti yangu." Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Sasa nikurudishe wapi? Nilimuuliza Kambale kama alibakisha hata nafasi ya kaburi. Alitazama chini. Hakubakisha.

Nimechoka. Asubuhi nauza mboga, jioni nalala na nguo zangu. Kavira akiuliza tutarudi lini namwambia anyamaze, halafu naona uso wake, namvuta karibu yangu. Kuna siku hata kusali ninashindwa. Nafungua mdomo, hakuna kitu.

Kwa hiyo sitakuahidi miti. Sitakuahidi kukurudisha nyumbani, nisikudanganye hata kaburini. Ninachoweza ni hiki: kila siku ya Mungu, kila Jumapili, misa ikiisha, nitakuja na Kavira tukae nawe hapo kwenye mawe usiyoyataka. Na siku yangu ikifika, watanilaza pembeni yako. Nimeshamwambia Kavira.

Lala, Mama. Unisamehe kama utaweza.

Masika