Tembo Hakupiga Magoti

Mpwa wangu Dorika,

Barua hii naiandika wazi, asomaye na asome, kwa sababu uongo ninaotaka kuufuta niliusema mbele za watu, kwa kipaza sauti, na nikapigiwa makofi. Kuandika naweza. Darasa la tano niliacha kwa hiari yangu, mwalimu akasikitika kuliko mimi, na hadi leo hapa Mabwerebwere wapo watu wazima wanaoniletea barua zao niwasomee. Lakini hii yako imenimalizia daftari. Kila nikianza najikuta nimeshajisifu, nachana ukurasa.

Unakumbuka Jumapili ile niliyotoa ushuhuda wa tembo. Ulikuwa bado mdogo, umekaa na kwaya, soksi zimekushuka. Nilisimama nikasema pikipiki ilinizimikia nikitoka Mikumi, nimeshapita kijiji chetu cha Ulaya, tembo dume akatoka porini akanifuata. Nikasema nilishuka, nikanyoosha mkono, nikamwamuru kwa jina la Yesu, naye akakunja miguu ya mbele akapiga magoti katikati ya barabara. Kanisa zima likasimama. Wewe ulilia. Tulipofika nyumbani ukaniambia, "Mjomba, sema tena pale alipokunja miguu," nikasema tena, na nikaongeza kwamba alifumba macho.

Baada ya hapo niliusema ushuhuda ule kila nilipoalikwa. Nilipoufikisha Mvumi walikuwa tembo wanne. Mtu mmoja tu hakupiga makofi, yule mzee mfugaji wa Kimasai anayekaa benchi la nyuma. Alinisubiri nje akaniambia kwa upole, "Fundi, mimi nimechunga ng'ombe huko huko. Tembo akipiga magoti mbele ya mtu, hasujudu. Anamponda."

Nikamjibu, "Huyu wangu alikuwa ameokoka."

Watu wakacheka, nikaondoka mshindi. Mimi kwa kujibu sijawahi kushindwa Kilosa hii. Wewe ulikuwa umenishika mkono, na ulicheka kuliko wote.

Halafu mama yako akaugua. Dada yangu yule, mwanamke ambaye wateja wake wa mihogo ya kukaanga walikuwa wanachambwa huku wanapewa nyongeza. Hospitali walipotuambia tumrudishe nyumbani, wewe uliacha kazi yako ya duka ukarudi kumuuguza. Ulimwogesha, ulimlisha, ulimgeuza kitandani, na alikufokea kwa kila kimoja. Nilikuwepo siku aliyokuuliza, "Haya maji umechemsha ya kusonga ugali au ya kumwogesha mama yako?" Ukaenda kuongeza ya baridi. Nilikuona mgongo, nikajua unalia.

Ndipo ikaja ile asubuhi. Nilikuwa mlangoni na kikapu cha machungwa, hamkunisikia. Ulikuwa umepiga magoti kando ya kitanda, umenyoosha mkono juu ya tumbo la mama yako, unasema kwa sauti niliyoitambua, maana ilikuwa yangu. "Uvimbe, nakuamuru, piga magoti kama tembo wa Mjomba." Mama yako alikuwa macho. Aliniona juu ya kichwa chako. Jicho lile sijalisahau.

Ulipotoka kwenda bombani akaniita.

"Shikamoo dada," nikasema.

"Marahaba. Kaa. Niambie ukweli wa huyo tembo."

Dorika, kwa dada yangu sikuwahi kuweza. Nikamwambia. Tembo alikuwepo, mmoja, na pikipiki ilizima kweli. Lakini sikuamuru kitu. Nilishikilia usukani, mdomo umekauka, nikatafuta maombi yote niliyowahi kuyasikia, sikupata hata neno. Kilichonitoka ni kile tulichofundishwa utotoni kabla ya kula: Ee Mungu, ubariki chakula hiki, na mikono iliyokiandaa. Nilikisema mpaka mwisho na amina juu. Tembo akanitazama, akageuka, akaingia kwenye mahindi ya mtu. Na suruali niliyosema ililowa nikivuka mto, hapakuwa na mto.

Mama yako alicheka mpaka akashika tumbo. "Yaani ulijibariki mwenyewe uliwe?"

"Tembo hali nyama, dada."

"Hilo tembo alilijua. Mungu ndiye uliyemchanganya."

Alicheka tena, halafu akaanza kuzungumza kwa namna ambayo sikuizoea kwake. Alisema, "Nyie mnaniombea miaka ya kuishi. Hiyo ni orodha yenu, sijaikataa, endeleeni. Lakini mimi ninaomba jambo moja tu. Haya maumivu yananitoa maneno mabaya, na yanampata mtoto huyu asiye na kosa. Namwomba Mungu nisife nikiwa namfokea. Anifunge mdomo, au anipe mwingine. Basi." Kisha akasema, "Mwambie Dorika. Nikimwambia mimi atadhani namuaga. Na mwambie habari ya tembo, aache kuamrisha tumbo langu, anajichosha."

Nikatoka kuja kukwambia. Mungu ananiona, nilitoka na nia hiyo. Ulikuwa uani, umetua ndoo, na kabla sijafungua mdomo ukaniuliza, "Mjomba, tembo ulimwamuru mara ngapi?"

Ulinitazama kama ulivyonitazama ulipokuwa mtoto wa kwaya. Ni mtu gani mwingine aliyewahi kunitazama hivyo? Mimi ni fundi baiskeli, Dorika. Nikakujibu, "Mara tatu."

Ukaanza kufunga. Siku baada ya siku ulikunywa maji tu mpaka jioni, na asubuhi, mchana na jioni uliuamuru uvimbe. Na katika siku hizohizo mama yako akabadilika. Alianza kukuambia ahsante. Alikuita mama. Siku moja ulimmwagia uji kifuani, ukasimama unasubiri kufokewa, naye akakufuta wewe mkono, akakuuliza kama umeungua. Ulinifuata karakana. "Mjomba, Mama hanifokei tena. Amekata tamaa. Nizidishe maombi?"

Hapo ndipo ningesema. Jibu la maombi yake lilikuwa limefika, lilikuwa ndani ya nyumba yenu, na wewe ulikuwa unalikimbia ukidhani ni kifo. Nilikuwa na gurudumu mkononi, nikalizungusha, nikasema, "Zidisha."

Alifariki mchana, umemwegemeza begani. Neno lake la mwisho kwako ulilisema mwenyewe msibani: "Umekula?" Watu waliona ni neno dogo. Mimi nilijua ni kubwa kiasi gani, na nilinyamaza.

Tulipoanua matanga ulikuja ukasimama mbele yangu na begi la safari. Ukasema, "Niliamuru mara tatu kila siku. Nilifunga. Nimekosea wapi?" Nikakujibu tusimhoji Mungu, kama vile Mungu ndiye aliyekuwa anaficha kitu. Ukapanda basi la Iringa. Huu ni mwaka wa pili. Shangazi zako wananiambia huingii kanisani, na kwamba ukiulizwa unasema wewe imani yako ni ndogo.

Hukukosea popote. Imani yako ilikuwa kubwa, ila uliiegemeza kwenye kitu ambacho hakikutokea, na aliyekupa ni mimi.

Kwa nini Mungu hakuuondoa uvimbe, sijui. Nimewauliza waliosoma mpaka chuo, nikawabana kwelikweli, nao hawajui, ila wao huchukua muda mrefu zaidi kusema hivyo. Zamani nilidhani maombi ni kama spana. Nati isipofunguka umechukua namba isiyo yake, badilisha, ongeza nguvu, kaza mkono. Maisha yangu yote nimefungua vitu kwa namna hiyo. Lakini mama yako hakushika spana yoyote. Alisema kilichokuwa kinamuuma zaidi ya ugonjwa, akaacha hapo. Na barabarani kule Ulaya nilisema maneno ya mezani, tena kwa sababu ya woga, nikafika nyumbani. Mimi ambaye sikuomba chochote nilipona, na wewe uliyeomba vyote ulizika. Ukiweka mambo hayo mawili pamoja hupati kanuni. Nimejaribu. Napata tu kwamba kuna mtu anasikiliza, na hasikilizi ukubwa wa sauti.

Jumapili iliyopita nilisimama tena kanisani nikasema yote haya, pamoja na suruali. Hakuna aliyepiga makofi. Nje, mzee wa Kimasai alinipa mkono akaushikilia.

"Umefanya vizuri, Fundi. Na yule chatu wa Ruaha uliyetuhadithia?"

"Chatu alikuwepo," nikamwambia. "Urefu tutazungumza."

Ahsante uliyopewa, uji uliofutwa mkononi, na lile swali la kama umekula, vyote vilikuwa majibu, Dorika. Vilikuja kwako kwa sababu ni wewe uliyeombewa. Wewe ulikuwa unamwombea mama yako, naye alikuwa anakuombea wewe, chumba kimoja, na mimi peke yangu nilijua. Nimekunyima hilo mwaka na zaidi, na siwezi kukurudishia siku zile uzikae upya ukiwa unajua. Naweza tu kukupa sasa, likiwa limechelewa.

Sikuombi urudi kanisani. Hilo ni lako na Mungu, na nimeshakuingilia vya kutosha. Mimi siku hizi sipazi sauti. Nakutaja jina, nanyamaza, nasubiri, na kusubiri kimya unajua si kazi niliyozaliwa nayo.

Namba yangu ya simu ni ileile. Ukipiga, najua ulivyolelewa, utataka kuniamkia kwanza. Usiniamkie. Niache nianze mimi, nikuombe msamaha. Ukiwa tayari, siku hiyo au nyingine, ndipo unipe shikamoo yangu.

Mjomba wako,
ndugu wa tumbo moja na mama yako.