Karatasi ya Sigareti mu Apareyi ya Paluku

Masika, dada yangu mudogo,

Jambo sana kutoka Kampala. Miye niko muzima, meno tu njo inanitoroka. Weye mugongo inapona? Mihogo ilitoka muzuri?

Batu bote banasemaka ile hadisi mubaya, na weye wa kwanza. Nasikia unakatalia mutoto wako kuoa binti ya Paluku fotografe, juu banasema Paluku njo aliuzisha bwana yako Mbusa kwa basoda. Bongo, uwongo mutupu. Miye nilikuwa pale, na mu Butembo muzima hakuna mutu alijua ile apareyi yake ya kupiga foto kupita miye.

Lentille yake, ile jicho ya mbele, ilivunjika, Paluku akatia ya apareyi ingine. Iliingia, mais haikupatana. Mu kadirisha ya kuchungulia unaona sura mbili, unazungusha lentille mpaka zinakuwa moja, unapiga. Kesha foto inatoka: bibi harusi ni ukungu, mbuzi yenye kupita nyuma yake iko safi, unahesabu mpaka kupe.

Mafundi ya Beni balishindwa. Miye, mwenye masomo niliionaka kwa dirisha, nilifungua mugongo ya apareyi, nikatia pa fasi ya film kipande ya kiyoo nilikwaruza na muchanga. Nikawasha mushumaa mbele yake, nikaona kosa: lentille imekaa ndani sana. Nikafungua pete yake, nikakata karatasi ya kung'aa ya sigareti, nikaweka chini. Bado. Nikaongeza, nikaongeza, mpaka mushumaa ya kiyoo na mushumaa ya kadirisha zikakubaliana.

Barebelle bakaingia mu muji. Mukubwa yao akataka foto na batu yake. Unajua desturi yetu: mwenye heshima anapewa kiti mbele, vijana banasimama nyuma. Mbusa alikuja kuleta chumvi tu, mais kwa lile tumbo na ile koti, bakamukalisha katikati. Nikamucheka, miye shemeji yake: muramu, leo uko chef.

Jua ilikuwa imefichama, donc Paluku alifungua lentille mpaka mwisho, na hapo inashika fasi moja tu. Ya mbele ikatoka safi, hata uzi ya kifungo. Ya nyuma, bale ba bunduki, ukungu. Mukubwa akafurahi, akasema foto ikae pa dirisha ya duka ya Paluku.

Barebelle balipokimbia, Paluku naye akajificha Kalunguta. Basoda ba serikali bakavunja duka, bakatembea na foto. Moja ya bale ba nyuma anauzisha makala Mbau mpaka leo, nani atamutambua? Mbusa balimukuta sokoni. Ofisiye akaweka foto pembeni ya uso yake.

"Ni weye?"

Mbusa akanyoosha koti. "Ni miye. Imetoka muzuri, ao?"

Batu balicheka, hata basoda. Kesha bakamupeleka nyuma ya depo ya kahawa, hakurudi.

Acha kijana aoe. Bila mukono yangu, Mbusa angekuwa ukungu, na leo angekuwa anakula bugali kwako. Paluku alipiga tu. Fundi ni miye.

Salimia shangazi mwenye kupika kasiksi, ile pombe ya ndizi, asimwage yote mbele sijakuja. Salimia kaka yetu katekista, mwenye kuniombea bila kunitumia hata ndizi. Kwa bwana harusi, koti iko njiani.

Kaka yako, fundi ya mafundi,
Kambale

Neno moja nilitunga, Masika. Ile ya "imetoka muzuri". Mbusa alisema "hapana miye, hapana miye", akafunika uso. Ofisiye akamutosha mikono ku uso polepole, akatazama foto, akamutazama. Ndevu yote ilikuwa pale mu foto, moja moja.