Chumvi ya Ng'ombe, Nyasi za Doha

Bomet, 4 Juni 2025

Mutai,

Wewe ni mvivu. Nimelisema kabla ya salamu ili ulisikie vizuri. Jebet wa jirani amenisomea ujumbe wako kwenye simu yake: nyasi unazomwagilia kando ya barabara huko Doha zimekauka, na zisipofufuka kufikia Alhamisi ijayo, msimamizi anakurudisha nyumbani. Mtu wa ng'ombe, kushindwa na nyasi!

Sasa, hujambo? Mimi mgongo unauma lakini natembea. Hayo maji uliyaonja? Naandika kwa penseli, Jebet anapiga picha na kukutumia.

Kogo, nyanya yako

Doha, 6 Juni

Chamgei Kogo,

Pole na mgongo. Mimi ni mzima, ila joto.

Si uvivu. Namwagilia mara mbili kwa siku na zinazidi kuungua, ncha kwanza, kisha shina. Maji niliyaonja siku ya kwanza. Yana chumvi. Nilifurahi, nikakumbuka chemchemi yetu ya chumvi, ng'ombe wakitoka pale maziwa huongezeka. Nikanyamaza.

Tony, dereva wa lori la maji, huyateka kwenye kisima cha karibu na bahari, kwa sababu foleni ya maji matamu ni ndefu. Tunalala chumba kimoja huku Industrial Area, mtaa wa vibarua. Nilipougua ndiye aliyenipikia uji. Nikisema, atarudishwa yeye. Niambie, Kogo. Nifanye nini?

Mjukuu wako, Mutai

Bomet, 7 Juni

Mutai,

Mgongo haujapona, na wewe unauongezea maumivu.

Anayelamba chumvi ni ng'ombe. Pale chemchemini uliwahi kuona jani? Ni udongo mtupu tangu niolewe. Umeziua ukidhani unazipa dawa. Nilikufunza kuonja, sikukufunza kunyamaza. Acha kumwaga hayo maji leo. Sema.

Kogo

Bomet, 11 Juni

Mutai,

Uko hai? Siku nne. Jebet anasema ulisoma. Kesho ni Alhamisi.

Jana nilipanda hadi chemchemini na mgongo huu. Upande mvua inakoshukia na kuosha chumvi, kuna ukanda mwembamba wa nyasi mbichi. Nimeng'oa kidogo, ziko hapa mezani. Chumvi ikioshwa nyasi huota, kwa hivyo hutarudishwa nyumbani.

Huyo aliyekupikia uji usimshtaki kwa siri, wala usife naye kimya. Kesho, kabla basi la kampuni halijatoka, mshike Tony mkono, mwende wote wawili kwa msimamizi na chupa ya maji yale. Aonje. Kisha ombeni maji matamu na siku chache zaidi, mmwage mengi mpaka chumvi izame chini.

Inuka uende.

Kogo